Penseli za Rangi Kando ya Mashine ya Kusafisha Damu



Katika parokia zetu za Mbulu na Hanang wapo ndugu wanaoishi kwa ratiba ya mashine. Maisha yao hayapangwi tena na msimu wa kupanda ngano wala wa kuvuna vitunguu saumu, bali na siku mbili au tatu za kila juma ambazo ni lazima wawe hospitalini ili damu yao isafishwe. Wengine huamka usiku wa manane kuwahi gari. Wengine wamehamia kwa ndugu zao Arusha, Moshi au Dodoma, kwa kuwa mwili hauwezi tena safari ya mara kwa mara kutoka Dongobesh, Endasak au Bassotu. Jumapili hatuwaoni kanisani, na baada ya miezi michache majina yao husikika katika nia za Misa tu.

Makala hii inahusu msaada mmoja mdogo ambao wauguzi na wataalamu wa nchi mbalimbali wamekuwa wakiujaribu kwa wagonjwa wa namna hii: kuwapa michoro na penseli za rangi, wapake wakiwa wameunganishwa na mashine. Najua jambo hili likitajwa katika jumuiya swali la kwanza litakuwa, “Padre, mtu mzima apake rangi kama mtoto wa chekechea?” Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Lakini kwanza tuelewe mgonjwa mwenyewe anapitia nini.

Figo zenye afya huchuja takribani lita 180 za majimaji ya damu kila siku, zikarudisha mwilini karibu yote na kutoa lita moja au mbili tu kama mkojo. Kazi hiyo huendelea mchana na usiku, saa zote 168 za juma. Figo zikishindwa, mara nyingi kwa sababu ya kisukari au shinikizo la juu la damu lililokaa muda mrefu bila kutibiwa, sumu na maji hubaki mwilini. Hapo ndipo mashine huingia: damu hutolewa kwa mrija, hupitishwa kwenye kichujio, kisha hurudishwa. Utaratibu ukitimia, mgonjwa hukaa kwenye kiti saa nne, mara tatu kwa juma, yaani saa 12 zinazojaribu kufanya kazi ya saa 168. Kwa mwaka mzima hizo ni saa 624, sawa na siku 26 kamili, usiku na mchana, mtu akiwa ameketi bila kuondoka.

Daktari Mholanzi Willem Kolff ndiye aliyemuunganisha mgonjwa wa kwanza na figo bandia ya namna hii, mjini Kampen, mwaka 1943, katikati ya vita, akitumia utando wa selofani ambao kwa kawaida ulifungia soseji. Mwaka huohuo Mbulu ilifanywa kuwa Prefektura ya Kitume. Kwa hiyo Kanisa letu mahalia na mashine hii ni rika moja, ingawa sisi tumezeeka kwa namna tofauti.

Katika saa hizo nne mgonjwa hapumziki kama tunavyodhani. Shinikizo la damu huweza kushuka ghafla, akahisi kizunguzungu na kichefuchefu. Misuli ya miguu hukakamaa kwa maumivu makali. Ngozi humuwasha bila upele wowote kuonekana. Akirudi nyumbani huwa amechoka kiasi kwamba siku hiyo haina kazi nyingine, na usiku usingizi humkimbia. Juu ya hayo kuna mambo ambayo kipimo cha maabara hakiyaoni: hofu ya sindano, hofu ya bili, aibu ya kuwa mzigo kwa watoto, na ile huzuni nzito isiyoondoka ambayo wataalamu huiita sonona. Anatazama saa ukutani. Anamtazama mwenzake wa kiti cha jirani, na siku moja kiti hicho kina mtu mwingine, wala hakuna anayeuliza.

Linalonisukuma kuandika ni kwamba wapo wanaoacha. Nauli huisha na bima hukwama, na hayo ni mambo ya fedha ambayo penseli haitayatatua. Lakini wapo pia wanaoacha kwa sababu moyo umechoka, au kwa sababu mhubiri fulani amewaambia kwamba mwenye imani ya kweli haendi tena kwenye mashine. Kuhusu hili la pili niseme bila kuzunguka: ni uongo, na unaua. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anafundisha kwamba tabibu na dawa vyote vimetoka kwa Mungu, na anamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Anaviweka viwili hivyo pamoja. (Jambo tofauti ni mgonjwa aliye karibu na mwisho wa maisha ambaye, akiwa na akili timamu na baada ya kuzungumza na madaktari, anaona kwamba tiba imekuwa mzigo usiolingana na faida yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2278, inatambua uamuzi wa namna hiyo, nasi hatupaswi kumhukumu. Tusichanganye huyu na yule aliyedanganywa.)

Sasa kuhusu rangi. Mwingereza mmoja mchoraji, Adrian Hill, aliugua kifua kikuu na kulazwa katika hospitali iliyoko Midhurst. Akiwa kitandani alianza kuchora vitu vilivyokuwa karibu naye, akaona siku zinapita kwa namna nyingine. Kisha akawasaidia wagonjwa wenzake wafanye vivyo hivyo. Mwaka 1942 ndiye aliyeipa kazi hiyo jina la tiba kwa sanaa. Wakati ule dawa ya kifua kikuu ilikuwa haijapatikana, na Hill hakudai kwamba kalamu inaua vijidudu. Alichoona ni kwamba mtu anayelazimika kulala miezi mingi huanza kufa upande wa nia kabla ya mwili, na kwamba mkono ukipata kazi, nia huamka.

Utafiti unaotajwa mara nyingi kuhusu kupaka rangi ulifanywa Marekani na Nancy Curry na Tim Kasser, ukachapishwa mwaka 2005. Walichukua wanafunzi 84 wa chuo, wakawatia wasiwasi kwa makusudi kwa kuwataka waandike juu ya jambo lililowahi kuwaogopesha, kisha wakawagawa. Baadhi walipewa duara lenye mapambo ya kupaka, wengine michoro ya miraba iliyopishana kama kitambaa cha drafti, na wengine karatasi tupu wafanye watakavyo. Waliopaka ndani ya mistari, ya duara au ya miraba, wasiwasi wao ulishuka zaidi kuliko wa wale waliopewa karatasi tupu. Matokeo haya yana maana kwetu. Karatasi tupu humwongezea kazi mtu aliyechoka, kwa kuwa inamdai abuni. Mchoro uliokwisha kuchorwa humwachia jambo moja la kuamua, nalo ni rangi gani iende wapi, na humshika akili kiasi cha kutosha asiendelee kuzunguka hofu yake.

Baada ya hapo, wauguzi wa Uturuki wamewajaribia wagonjwa wa kusafishwa damu michoro ya duara wakiwa kwenye kiti, na taarifa zao nyingi zinaonyesha nafuu katika wasiwasi na hali ya moyo. Tusizitie chumvi. Tafiti hizi hufanywa kwa watu wachache na kwa majuma machache, na hakuna namna ya kumficha mgonjwa kwamba anapaka rangi, kama anavyoweza kufichwa kidonge kipi ni cha kweli. Rangi haisafishi damu wala haipunguzi sumu mwilini. Mtu asipunguze hata dakika moja ya mashine kwa sababu anajisikia vizuri akipaka.

Kwa nini basi rangi, na si kushona shanga, kufuma au kusuka ukili, kazi ambazo mama zetu wanazijua zaidi? Sababu ni ya mkono. Kwa wagonjwa wengi sindano huingia kwenye mshipa ulioandaliwa kwa upasuaji mdogo, na madaktari hupenda kuuandaa katika mkono ambao mtu hautumii kuandikia. Mkono huo haupaswi kukunjwa wala kutikiswa kwa saa zote nne. Unabaki mkono mmoja huru. Kushona kunadai mikono miwili. Kupaka rangi kunahitaji mmoja tu, pamoja na ubao mdogo au daftari gumu la kuegemeza karatasi, na kazi inaweza kuachwa wakati wowote mgonjwa akihisi kizunguzungu na kurudiwa baadaye bila kuharibika.

Nikirudi kwenye lile swali la chekechea, mgonjwa wa figo amepangiwa karibu kila kitu. Maji anywe kiasi gani, chumvi asitumie, matunda gani asiguse, aketi kiti kipi, aondoke saa ngapi: yote huamuliwa na wengine, tena kwa haki, maana maisha yake yako hapo. Mzee aliyekuwa akiamua mambo ya ukoo sasa hana hata glasi ya maji ya kuamua. Akishika penseli na kuamua kwamba ng'ombe huyu atakuwa mwekundu, ameamua. Ni jambo dogo mno machoni pa mtu mwenye afya. Lakini Maandiko yanatuambia katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 31, kwamba Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake ili afanye kazi za ufundi na nakshi za hema la kukutania. Kazi ya mkono unaopamba haikuhesabiwa kuwa mchezo wa watoto, na Mtakatifu Yohane Paulo II aliikumbusha dunia jambo hilo katika barua yake kwa wasanii, siku ya Pasaka ya mwaka 1999.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Henri Matisse, mchoraji Mfaransa. Mwaka 1941, akiwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, alifanyiwa upasuaji mkubwa kwa sababu ya saratani, na tangu hapo muda wake mwingi ulikuwa wa kitandani na kwenye kiti cha magurudumu. Alipokuwa hawezi tena kusimama mbele ya turubai kwa muda mrefu, wasaidizi wake walimpakia karatasi rangi, naye akazikata kwa mkasi akiwa ameketi, akapanga vipande. Mwaka 1942 alimhitaji muuguzi wa usiku, akaja msichana aitwaye Monique Bourgeois. Baadaye msichana huyo aliingia utawa wa Wadominiko, akaitwa Sista Jacques-Marie. Urafiki wao ukazaa kikanisa cha Rozari huko Vence, kilichowekwa wakfu mwaka 1951: vioo vyake vya rangi ya njano, kijani na buluu vilitokana na vipande vile vya karatasi, na michoro ya kutani aliipanga kwa makaa yaliyofungwa kwenye ncha ya mti mrefu, kwa kuwa mwili ulikuwa hauwezi kusogea vya kutosha. Matisse hakuwa mtu wa kanisani sana. Hata hivyo alikiona kikanisa kile kuwa kilele cha kazi ya maisha yake yote. Muuguzi mmoja na mgonjwa mmoja, na leo watu wanasali mle.

Wapo watakaouliza juu ya ile michoro ya duara, kwa kuwa jina lake la mandala limetoka India, na hutumika katika ibada za Wahindu na Wabudha. Wasiwasi huo nauheshimu. Jibu ni kwamba mgonjwa anayepaka duara lenye maua hafanyi ibada, wala hatamki neno lolote. Na duara lenye mapambo ni mali ya watu wote. Makanisa makuu ya kale ya Ulaya, kama lile la Chartres, yana dirisha kubwa la mviringo lenye umbo la waridi. Mtakatifu Hildegarda wa Bingen, ambaye Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 2012, aliacha maono yaliyochorwa katika maduara. Zaidi ya hayo, sisi hatuna sababu ya kuagiza michoro kutoka mbali. Kanga ina pindo na mji, na ndani yake maua yanayorudiarudia, tayari kupakwa. Sketi za ngozi za akina mama wa Kiiraqw zilizoshonewa shanga, na zile za akina mama wa Kibarbaig, zina mistari na maumbo yaliyopangwa kwa akili nyingi. Picha za Tingatinga, zilizoanza Dar es Salaam mwaka 1968, zina mipaka iliyo wazi na rangi zilizojaa. Na kusini mwa Babati, Kolo, Wilaya ya Kondoa, watu wa kale walipaka rangi juu ya miamba muda mrefu kabla ya mtu yeyote kufikiria penseli. Mtoto yeyote wa sekondari mwenye mkono mwepesi anaweza kuchora Mlima Hanang, viboko wa Ziwa Bassotu, kibuyu cha maziwa au kundi la ng'ombe, kwa mistari mizito, na kutoa nakala.

Ninalishauri hili hasa kwa watoto wa Utoto Mtakatifu na vijana wa VIWAWA. Wachore, wapeleke kupitia jumuiya, na mgonjwa akipenda awarudishie kazi iliyopakwa. Angalizo moja: si kila mchoro uwe wa mtakatifu. Mafumbo ya Rozari na Njia ya Msalaba yawepo, maana mgonjwa anayepaka fumbo moja polepole kwa saa nzima analitafakari kuliko wengi wetu tunaosali harakaharaka. Lakini asilazimishwe. Siku nyingine roho yake itataka ng'ombe tu. Na asiyetaka kupaka kabisa aachwe. Wapo watakaopenda kusimuliwa habari za shamba, au kulala.

Hapa WAWATA na UWAKA wanaomtembelea mgonjwa wanisikilize. Mila yetu ni kutokwenda mikono mitupu, nasi hubeba soda, ndizi, parachichi, machungwa. Kwa mgonjwa wa figo zawadi hizi zinaweza kuwa hatari. Ndizi, parachichi na machungwa yana potasiamu nyingi, ambayo figo zilizoshindwa haziwezi kuitoa, na ikizidi huweza kusimamisha moyo. Soda na juisi huongeza maji ambayo hana pa kuyapeleka mpaka siku ya mashine. Mara nyingi mgonjwa hula kwa heshima tu, asiwaudhi wageni. Sanduku la penseli za rangi ni zawadi isiyomdhuru, na aghalabu halizidi gharama ya vitu hivyo.

Kabla ya kupeleka chochote, muulizeni muuguzi wa kitengo. Penseli ni bora kuliko rangi za maji, kwa kuwa hazimwagiki karibu na mirija. Kila mgonjwa awe na zake, wala zisizungushwe kutoka kiti hadi kiti, kwa sababu pale kuna damu, na homa ya ini huambukizwa kwa njia hizo. Wengi wenye kisukari macho yao yamepungua nguvu, hivyo michoro iwe mikubwa. Mkono unaotetemeka husaidiwa kwa kuizungushia penseli kitambaa ili iwe nene. Wazee ambao hawakuwahi kwenda shule msiwape kwa kuwacheka wala kwa kuwafundisha. Waulizeni tu rangi za mifugo yao, mtashangaa jinsi wanavyozitofautisha.

Nauli bado inabaki kuwa jambo la kwanza. Jumuiya Ndogo Ndogo iliyo na mgonjwa wa namna hii ikae na familia yake, ijue ana vikao vingapi kwa juma na safari moja inagharimu nini, kisha ichange kwa zamu kama inavyochangia msiba, maana kuchangia safari ya hospitali ni bora kuliko kuchangia jeneza. Katekista alete jina lake kwa paroko. Mpako wa Wagonjwa si wa mtu anayekata roho pekee. Anayeishi kwa mashine anaustahili, na anaweza kuupokea tena hali yake ikizidi kuwa mbaya. Asihofu pia juu ya saa moja ya mfungo kabla ya Komunyo: sheria ya Kanisa, kanuni ya 919, inawaruhusu wagonjwa na wanaowahudumia wapokee hata kama wamekula kitu muda mfupi kabla. Waliohamia Arusha, Moshi au Dodoma wapewe barua ya utambulisho kwa paroko wa huko, wasije wakaishi mjini bila jumuiya wala padre.

Na kazi ikikamilika, ni mali ya mgonjwa. Msimpige picha akiwa kwenye mirija na kuirusha katika kundi la WhatsApp la parokia, hata kwa nia njema, kabla hajakubali mwenyewe. Akitaka karatasi yake ibandikwe ukutani nyumbani, mtafutieni gundi.